Ngalawa ya Safari ya Siku: Kuichagua, Kuifunga na Kuirudisha Pwani

Chombo cha tanga cha kwenda na kurudi siku moja kina sharti ambalo majahazi ya masafa marefu hayakuwa nalo. Majahazi ya Oman na Ghuba yaliyoshuka hadi Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi, yaani pepo zivumazo kutoka kaskazini-mashariki tangu mwishoni mwa mwaka hadi karibu na Machi, yaliweza kutia nanga, kuuza tende, kupakia boriti na kungoja hadi kusi ianze ndipo yafunge safari ya kurudi kwao. Mwenye ngalawa ya matembezi hana miezi ya kungoja, kwani pepo zake mbili, ya kumpeleka na ya kumrudisha, hana budi kuzipata ndani ya saa kumi na mbili za mchana, na akizikosa hulala baharini au hutegemea wenzake waje kumvuta. Kwa hiyo chombo cha namna hii, tangu unene wa gogo lake hadi ukubwa wa tanga lake, kinapaswa kupimwa kwa jinsi kitakavyorudi, si kwa jinsi kinavyoondoka, maana karibu kila chombo huondoka vizuri.

Ngalawa ni mtumbwi mwembamba wa tanga uliofungwa mirengu, yaani miti miwili inayokingamishwa juu ya mwili wa chombo, mmoja karibu na omo, ambayo ni sehemu ya mbele, na mwingine kuelekea tezi, ambayo ni sehemu ya nyuma. Kwenye ncha za mirengu hiyo, kila upande, hufungwa ubao wa kuegemea maji ambao hapa utaitwa tengo, ingawa majina ya sehemu hizi hubadilika toka pwani hadi pwani na mnunuzi hana haja ya kubishana na fundi juu yake. Wataalamu wa vyombo, akiwamo James Hornell aliyeichunguza mitumbwi ya aina hii mwanzoni mwa karne ya 20, wameihusisha mirengu na mabaharia wa visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia, wale wale ambao lugha yao iliota mizizi Bukini, yaani Madagaska, na kuwa Kimalagasi. Mitumbwi ya Wavezo wa magharibi mwa Bukini ina tengo upande mmoja tu, ilhali ngalawa ya Waswahili ina matengo pande zote mbili, na kwa mwanafunzi wa tanga tofauti hiyo ni neema, kwa sababu chombo humjibu namna ile ile upepo ukija kutoka kulia au kushoto.

Mwili wa ngalawa inayowafaa watu watatu au wanne huwa na urefu wa mita 5 hadi 7 na upana wa sentimita 50 au 60 hivi. Wembamba huo ndio siri ya mwendo wake. Kila chombo kinachopasua maji huinua wimbi omoni na jingine tezini, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo mawimbi hayo yanavyoachana, mpaka chombo kikawa kinapanda kilima cha maji ambacho chenyewe kimekiumba. Kwa vyombo vipana, mwendo wa ukomo hukadiriwa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa chombo majini kwa mita na kukizidisha kwa 2.43, jibu likawa ni noti, yaani maili za baharini kwa saa. Chombo cha mita 6, kwa hesabu hiyo, hufikia ukomo karibu na noti 6, ambazo ni kilomita 11 kwa saa. Ngalawa, kwa kuwa urefu wake ni mara kumi ya upana au zaidi, huinua wimbi dogo sana na huweza kuuvuka ukomo huo upepo ukiwa mzuri, lakini mtu wa matembezi asivutwe mno na habari ya mbio. Faida kubwa ya wembamba huonekana upepo unapokufa saa tisa alasiri, kwa maana watu wawili wenye makafi wanaweza kuisogeza ngalawa kwa kilomita kadhaa, jambo ambalo wakilijaribu kwenye mashua pana ya mbao watachoka kabla ya kuona tofauti yoyote pwani.

Wembamba huo huo una gharama. Ngalawa haina nafasi, na kila kilo inayoongezwa huizamisha kwa haraka kuliko inavyoizamisha mashua. Kipimo cha kufuata ni kimo cha ubavu juu ya maji, yaani umbali toka uso wa bahari hadi ukingo wa chombo pale katikati, na kwa safari ya nje ya mwamba kimo hicho kisipungue sentimita 25 watu wote wakiwa wamekaa. Ndiyo maana ngalawa nyingi huongezewa ubao juu ya ukingo wa gogo, na mnunuzi anayekuta ubao huo umelegea au umepasuka kwenye misumari asiudhanie kuwa ni pambo.

Jambo linalohitaji kuelezwa kwa kituo ni kazi ya matengo, kwa sababu wengi huamini kuwa ngalawa haipinduki kwa kuwa mbao zile zinaelea. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwamba imani hiyo ina kasoro. Ubao wa urefu wa mita 2.5, upana wa sentimita 25 na unene wa sentimita 5 una ujazo wa lita 31 tu, na ukiwa wa mti mwepesi wenye nusu ya uzito wa maji, nguvu yake ya kuinua ukizamishwa wote haizidi kilo 16. Uzito huo ni mdogo kuliko wa mtoto wa miaka mitano. Kinachoishikilia ngalawa, basi, ni mambo mawili yanayosaidiana na huo ueleaji: umbali wa tengo kutoka mwilini, ambao kwa kawaida ni mita moja na nusu hadi mbili, na mwinamo wa tengo lenyewe. Ubao hufungwa ncha yake ya mbele ikiwa juu kidogo kuliko ya nyuma, ili chombo kinapokwenda maji yaupige kwa chini na kuusukuma juu, na kadiri mwendo unavyokuwa mkubwa ndivyo msukumo huo unavyozidi.

Hapa ndipo lilipo fundisho ambalo anayejifunza hulipata kwa kulowa. Ngalawa iliyo mbioni imeshikwa barabara, lakini ngalawa iliyosimama, tanga likiwa limekazwa, imeshikwa na zile kilo chache za ubao peke yake, hivyo dharuba ndogo inayoikuta imesimama ni ya hatari kuliko dharuba kubwa inayoikuta ikienda. Tanga lisikazwe kabla chombo hakijaanza kutembea, na chombo kikipoteza mwendo kwa sababu yoyote ile, tanga lilegezwe kwanza, maswali yafuate baadaye. Vilevile tengo ambalo ncha yake ya mbele imelegea ikainama chini ni baya kuliko kutokuwa na tengo, kwa kuwa likiingia majini huchimba badala ya kupanda, chombo hugeuka ghafla kulielekea, na tanga hujaa upepo kwa ubavu.

Matengo mawili hayapaswi kugusa maji kwa pamoja chombo kinapokuwa sawasawa na mzigo wake. Fundi mzuri huyafunga yawe juu ya maji kwa kiasi cha kiganja, ili ngalawa iegemee moja tu, la upande wa demani, yaani upande unaokwenda upepo, na lile la upande wa goshi, unakotoka upepo, libaki hewani. Yakigusa yote mawili chombo hupoteza mwendo bure, na yakiwa juu mno hulala sana kabla ya kupata pa kuegemea. Mtu mmoja wa kilo 65 akikalia mrengu wa goshi mita moja na nusu kutoka katikati huongeza nguvu ya kukizuia chombo kisilale ambayo hakuna tengo la ubao linaloweza kuifikia katika maji yaliyotulia. Hivyo mabaharia wanaotoka na kurudi juu ya mrengu hawafanyi michezo.

Mirengu ifungwe kwa kamba, si kwa misumari wala boliti. Katika mawimbi ya ubavu mirengu na mwili havisogei kwa mwendo mmoja, na kiungo kigumu hupokea mvutano wote mahali pamoja mpaka mti upasuke, ilhali fundo la kamba hunyumbuka kidogo na kuugawa. Zamani kamba hiyo ilikuwa ya usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, ambayo ikilowa maji ya chumvi hudumu; siku hizi wengi hutumia nailoni, ambayo ni imara lakini hunyooka inapovutwa na huteleza kwenye fundo, kwa hiyo hukaguliwa kila asubuhi na kukazwa upya kila inapoonekana kulegea. Aliyezoea kamba ya usumba anaweza kuudharau ukaguzi huo, na kwa nailoni atakuwa amekosea.

Tanga la ngalawa ni la pembetatu na hutundikwa kwenye foromali, boriti ndefu nyembamba inayopandishwa kwenye mlingoti mfupi ulioinamia mbele. Mwinamo huo wa mlingoti unaipa foromali nafasi ya kuning'inia mbele bila kusugua, na nafasi ya kuzungushwa upande wa pili chombo kinapogeuzwa. Kitambaa cha matanga kilikuwa marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, na bado ndicho kinachotoa tanga lenye umbo zuri, ingawa huoza kikikunjwa kibichi. Turubai la plastiki ni rahisi na haliozi upesi, lakini halina tumbo, yaani ule mviringo wa wastani ambao fundi huushonea makusudi ili upepo uvute badala ya kusukuma tu, na chombo chenye tanga bapa hakiukaribii upepo. Kwa kuwa saa ya kurudi ndiyo inayodai kuukaribia upepo, fedha ya ziada ni heri itumike kwenye tanga kuliko kwenye rangi.

Kuhusu ukubwa, makosa mengi hutokana na kununua tanga la mashindano. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake bali kwa mraba wa mwendo huo, maana yake upepo ukizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Tanga la mita za mraba 10 katika upepo wa kilomita 20 kwa saa hupokea msukumo wa kilo 20 na kitu, ambao mtu mmoja mrenguni anaumudu. Upepo huo ukifika kilomita 40 kwa saa, msukumo hukaribia kilo 90, na hapo hakuna idadi ya watu inayoweza kukaa juu ya mirengu bila kuivunja. Kilomita 40 kwa saa si namba iliyochaguliwa ovyo: ndiyo inayosikika mara kwa mara katika tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo mkali na mawimbi yanayofikia mita mbili, na tahadhari hiyo ikitolewa ngalawa ya matembezi haina cha kufanya baharini. Matanga ya namna hii kwa kawaida hayana mishipi ya kuyapunguzia, kwa hiyo njia ya busara ni kuwa na matanga mawili, kubwa la siku tulivu na dogo, la nusu ya eneo la kwanza au zaidi kidogo, na kulichukua dogo chomboni hata asubuhi ikiwa shwari kabisa. Mwenye uwezo wa kununua moja tu anunue dogo.

Kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga huitwa demani, nayo ndiyo iliyoupa upande wa chini ya upepo jina lake. Kamba hiyo haifungwi kamwe kwa fundo. Huzungushwa mara moja kwenye mrengu wa nyuma ili mkono usichoke, na mwisho wake hubaki mkononi mwa mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, ili dharuba ikija iachiliwe mara moja, tanga lipepee, na chombo kisimame wima. Vyombo vingi vya aina hii vinavyopinduka hupinduka demani ikiwa imefungwa, kwa sababu mshikaji alitaka kuvuta sigara au kupokea simu, na kwa kamba iliyolowa fundo halifunguki katika sekunde mbili zinazokuwapo.

Kugeuza upande si kazi ya kubahatisha. Chombo kinapokwenda kwa kubisha, yaani kukata upepo kwa kupinda huku na huku kwa kuwa kinakokwenda ndiko unakotoka, ngalawa haigeuki kwa omo kupita katika upepo kama zifanyavyo boti za matanga mawili, kwani tanga lake lingebanwa kwenye mlingoti na mwendo ukafa. Husukumwa usukani mpaka upepo ukae tezini, demani ikalegezwa, foromali ikainuliwa wima mbele ya mlingoti, kisha pembe ya tanga ikapitishwa upande wa pili na kamba inayoushikilia mlingoti ikahamishiwa upande mpya wa goshi. Kila mzunguko kama huo hupoteza mita kadhaa kuelekea chini ya upepo, hivyo pinda chache ndefu hushinda nyingi fupi. Palipo na pinda moja fupi tu, foromali yaweza kuachwa upande wake wa awali tanga likilalia mlingoti. Mwendo hupungua, lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kuzungusha mara mbili.

Mnunuzi wa ngalawa kuukuu ataanza ukaguzi chini, kwenye gogo. Mwembe ndio mti unaotumika sana. Ni mwepesi, unachongeka vizuri, na huoza upesi pale maji ya mvua yanapotuama. Kisu chembamba kikizama bila nguvu ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa panapokusanyika maji, au chini ya vifungo vya mirengu, gogo limekwisha hata likiwa na rangi mpya. Vitundu vidogo upande wa nje ni dalili ya wale viumbe watoboao mbao, ambao kwa umbo ni kama minyoo ingawa ni jamaa wa chaza. Hao huingia kwa tundu la sindano na kuchimba handaki pana kwa ndani, hivyo idadi ya matundu haisemi ukweli wa uharibifu. Magogo manene yakizidi kuadimika, zipo pia ngalawa za mbao zilizoungwa, ambazo si duni hata kidogo, ila huhitaji kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta na kugongwa katika maungio, na anayeinunua anajinunulia kazi ya kila mwaka.

Baada ya chombo kuwa kamili, linabaki swali la lini kitoke, na hapa mpangilio wa mchana una uzito kuliko ufundi. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na alfajiri hewa ya nchi kavu huteremka kwenda baharini. Huo ndio upepo wa umande, unaowatoa wavuvi kabla jua halijapanda. Kufikia saa nne au saa tano nchi imepata joto, hewa yake imepanda, na upepo wa baharini huanza kuingia, ukiongezwa au kupindishwa na msimu. Desemba hadi Februari, kaskazi huwa ya wastani katika pwani nyingi na ndiyo miezi ya kujifunzia. Juni hadi Agosti kusi huwa na nguvu, bahari ya nje ya mwamba huchafuka, na matembezi hubaki ndani ya ghuba. Masika, kati ya Machi na Mei, huleta ngurumo na dharuba za mvua zinazogeuza upepo kwa dakika chache. Vipindi vya maleleji, kati ya msimu na msimu, ni vizuri kwa macho lakini ni vya kupiga kafi.

Ubashiri wa upepo unahitaji kuambatana na hesabu ya kubisha. Ngalawa haina ubao wa kuteremsha chini wa kuizuia isisukumwe kwa ubavu, na tanga lake haliukaribii sana upepo. Anayepanga safari afanye hesabu kwa nyuzi 60 kutoka unakotoka upepo, na kwa pembe hiyo kila kilomita moja ya mstari ulionyooka hugharimu kilomita mbili za kwenda, bila kuhesabu mteremko wa ubavu na hasara ya kila pinda. Kisiwa kilicho kilomita 8 chini ya upepo kitafikiwa kwa saa moja na kidogo kwa furaha tele, kisha kurudi kutakuwa zaidi ya kilomita 16, kwa mwendo uliopungua, katika mawimbi ya mbele, mabaharia wamelowa. Ndiyo sababu katika pwani inayotazama mashariki, kama ya Jambiani au ya Mtwapa, safari ya kwenda nje asubuhi kwa umande na kurudi adhuhuri kwa upepo wa baharini ni ya starehe pande zote mbili, na safari ya kuambaa pwani kwa kufuata kusi kwenda kaskazini ni mtego. Mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki nao huelekea kaskazini mwaka mzima mbele ya pwani ya Tanzania na huwa na nguvu zaidi wakati wa kusi, kwa hiyo aliyekwenda kaskazini atakuwa na wapinzani wawili wakati wa kurudi.

Maji yana saa zake, na uzuri wake ni kwamba saa hizo hukaririka. Bamvua, yaani maji makubwa, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika Unguja, Dar es Salaam na Mombasa siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Maji mafu, yaani yale madogo ya nusu ya mwezi, ni kinyume: hujaa katikati ya asubuhi na kupwa jioni. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Tofauti ya kimo baina ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kukaribia mita 4, na haiendi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kimo chote mafungu 12 na kukadiria kwamba saa ya kwanza huondoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu na ya nne matatu matatu, ya tano mawili na ya sita moja. Kwa bamvua la mita 4, saa ya tatu na ya nne kila moja huondoa mita nzima, na aliyeacha chombo kikielea kwenye kina cha kiuno ili anywe chai atakikuta kimekaa mchangani.

Yafuatayo yanatokana na saa hizo. Siku za bamvua mwenye ngalawa anayeondoka saa 12 alfajiri huondoka maji yakitoka, na hurudi mchana yakijaa; hilo ni pambo la ratiba, kwani chombo kinachokwama maji yakijaa huelea tena baada ya dakika chache, na kinachokwama yakitoka husubiri nusu ya siku. Siku za maji mafu kurudi jioni hukutana na maji yanayopungua, ingawa kwa kiasi kidogo, na ndani ya ghuba pana zenye matope au katika vilindi vyembamba kati ya mafungu ya mchanga hiyo yatosha kumfanya mtu alale nje. Tahadhari zaidi inahitajika kwenye mlango wa mwamba, ile njia ya maji kati ya miamba, maji yakitoka kwa kasi na upepo wa baharini ukiingia: viwili hivyo vikigongana mawimbi huwa mafupi, ya wima na yanayovunjika, hata siku ambayo bahari nje ni tulivu. Dawa ni kungoja nje hadi maji yasimame.

Jua nalo lina upande wake. Ngalawa inayorudi pwani ya bara au pwani ya mashariki ya Unguja alasiri huelekea magharibi, jua likiwa machoni, na uso wa maji hung'aa kiasi kwamba mwamba ulio nusu mita chini hauonekani, wakati asubuhi ile ile ulionekana kwa rangi yake ya kahawia. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, njia ya kurudia hupimwa kwa alama mbili za nchi kavu zilizo mbali na macho ya jua kadiri inavyowezekana, kama mnazi mmoja mrefu na mnara wa msikiti ulio nyuma yake, zikipangwa mstari mmoja chombo kikiwa katikati ya mlango. Zikiachana, chombo kimetoka njiani. Bamvua linalojaa saa 10 jioni huvutia kuchelewa, na hapo hesabu ya maji na ya jua hugombana. Uamuzi mzuri ni kuingia mlangoni saa 8 au saa 9, maji yakiwa bado yanapanda na jua likiwa bado juu, hata kama mchanga haujafunikwa wote na itabidi kushuka na kuvuta kidogo. Karibu na ikweta machweo ni mafupi, na giza hufuata jua kwa nusu saa tu.

Vyombo vya usalama vinaweza kutajwa kwa haraka kwa sababu havina mjadala: jaketi okozi lililovaliwa, si lililokaliwa, makafi mawili na pondo, upo wa kufulia maji uliofungwa kwa kamba, kwani hupotea mwanzo kuliko vyote, nanga na kamba ya kutosha mara tano ya kina, maji ya kunywa ya siku mbili, simu katika mfuko usiopenya maji, na kwa anayeweza redio ya VHF, ambayo chaneli yake ya 16 ni ya dharura. Chombo kiandikishwe, bara kwa TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na Unguja na Pemba kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Zanzibar, na mtu wa nchi kavu aachiwe saa ya kurudi na jina la mahali.

Ngalawa ikipinduka, gogo haliendi chini. Watu hubaki nalo wote, bila kuhesabu ukaribu wa pwani, kwa kuwa kichwa cha mwogeleaji hakionekani mita mia mbili katika mawimbi na matengo mawili yaliyo juu ya maji yanaonekana kwa mbali. Tanga hufunguliwa kwanza kutoka foromalini, maana tanga lililojaa maji ndilo linaloshikilia chombo ubavu. Kisha watu husimama juu ya tengo moja na kuvuta lile jingine kwa kamba iliyopitishwa juu ya mwili. Zoezi hilo hujaribiwa katika maji ya kifua ndani ya ghuba kabla ya safari ya kwanza, siyo baada yake.

Wakati wa kutua pwani usukani huinuliwa kabla mchanga haujaugusa, kwa kuwa ndio sehemu ya ngalawa iendayo chini zaidi na vyuma vyake hupinda kirahisi. Chombo huvutwa juu, maji ya ngama hufuliwa yote, na tanga huanikwa likauke kabla ya kukunjwa. Mara kwa mara mwili huchomwa kwa makuti kwa chini ili kuua watoboaji, kisha hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Mahali pa kuuacha usiku hupimwa kwa kalenda ya mwezi, si kwa alama ya majani na takataka zilizoachwa na maji ya siku ile, kwa sababu kuelekea bamvua kila kujaa hupita pale pa jana. Ngalawa iliyolazwa sawasawa na alama ya leo siku tatu kabla ya mwezi mpevu itakuwa inaelea usiku wa tatu, na ikiwa nanga yake haikuzikwa mchangani juu ya alama hiyo, itaelea kwenda mahali pengine.